Jina Hili Haliuzwi

Aliyelipa ni mimi. Nalisema mapema, maana kila ninaposimulia mkasa huu wa jina la tovuti yetu kuna mtu lazima aulize, "Sasa nani huyo aliyelipa?" kwa sauti ya kumtafuta mjinga wa darasa, na nimechoka kulingoja swali hilo.

Ilikuwa Oktoba 2019. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ghorofa ya pili, lifti ya kubahatisha. Tuko watu sita. Kwenye mkataba mimi ni mhasibu. Kwenye maisha mimi ndiye mhasibu, mpokea simu, msoma barua pepe na mtu pekee anayejua kadi ya benki ya kampuni imelala droo gani. Mzee, ndivyo sote tunavyomwita bosi, hushinda bandarini na kwa wateja wa Kariakoo. Akirudi jioni anakunywa chai yake ya tangawizi na kusaini kilichopo mezani.

Aliyewahi kutoa mzigo bandarini atanielewa: kazi yetu ni kulipa. Unamlipa wakala wa meli, unalipa bandari, unalipa ushuru, unalipa ukaguzi, unalipa lori, unalipa vijana wa kupakua. Kila ankara ina tarehe yake ya mwisho, na ukipitiliza kontena linaanza kula hela usiku na mchana, Jumapili hadi Idi. Kwa miaka sita mkono wangu ulishazoea kwamba karatasi yenye maneno ya haraka inashughulikiwa haraka. Matapeli walipitia tundu hilohilo. Walichohitaji kutoka kwangu ni bidii ya kazi, basi.

Barua pepe ilikuja kwenye anwani yetu ya info, ile inayoandikwa kwenye kadi za biashara na ubavuni mwa gari. Kichwa cha barua kilisema, kwa Kiingereza na herufi kubwa, NOTISI YA MWISHO. Ndani palikuwa na faili la kuchapa, na nililichapa. Katikati palikuwa na kisanduku cha kijivu: jina la domeini yetu lote mpaka .com, bila kukosea hata herufi moja; tarehe ya kuisha, 14 Novemba 2019; namba ndefu ya kumbukumbu; kiasi, dola 289. Juu kulia palikuwa na mchoro wa dunia uliozungushiwa mistari. Chini palikuwa na anwani ya sanduku la barua la nchi nyingine. Namba ya simu haikuwepo, na sikujiuliza kwa nini.

Domeini, kwa asiyeijua kwa jina hilo, ndilo jina la tovuti na lile linalokaa baada ya alama ya @ kwenye barua pepe za kampuni. Wenye Kiswahili sanifu wanaiita kikoa. Hainunuliwi moja kwa moja. Unaikodi kwa mwaka au miaka kadhaa, muda ukiisha unahuisha, na usipohuisha inaondoka. Hilo la kuondoka nilikuwa nalijua, na ndilo lililoniponza, kwa sababu nilijua nusu.

Nikampelekea Mzee. "Mzee, jina la tovuti linaisha muda wake. Dola 289."

Akauliza swali moja tu: "Tusipolipa?"

"Barua pepe zote zinakatika."

Akasaini. Kwa bei ya dola ya siku zile ilikaribia shilingi 665,000. Nikaingiza namba za kadi, nikapata ujumbe wa kunishukuru, nikachapa risiti, nikaitoboa matundu mawili na kuiweka kwenye jalada la gharama za mtandao. Jioni nikapanda mwendokasi kurudi Kimara nikiwa na amani ya mtu aliyemaliza kazi zake.

Tarehe 14 Novemba ilipita kimya. Jumatatu tarehe 18, mvua za vuli zikiwa zimeshika jiji, nilifika ofisini viatu mkononi na kufungua kompyuta. Sanduku la barua lilikuwa tupu. Si kwamba zilikuwa chache, hakukuwa na hata moja. Nikadhani ni mtandao, Dar ikinyesha lolote hukatika. Saa nne mteja wetu mmoja wa vitenge akapiga simu. "Dada yangu, mmehama? Kila nikiwaandikia, barua inarudi." Nikafungua tovuti yetu. Pale palipokuwa na picha ya meli na korongo za bandari palikuwa na ukurasa wa matangazo: viatu, mikopo ya haraka, tiketi za ndege.

Mzee alipouliza, "Si ulilipa wewe?" nilikwenda kwenye jalada na kumletea risiti kwa kiburi kabisa.

Siku ile na mbili zilizofuata sizipendi. Sisi tunaishi kwa barua pepe: meli ikikaribia, wakala wa meli anatuma notisi, nyaraka zikiwa na kasoro, anaandika, mteja akiwa Guangzhou, anatuma orodha ya bidhaa akiwa bado ghalani. Kulikuwa na kontena la vigae la mteja mmoja wa Mbagala ambalo notisi yake ilitumwa wakati huohuo, ikagonga ukuta na kurudi. Tulipokuja kulijua, siku za bure zilikuwa zimekwisha. Tukalipa gharama ya kulihifadhi sisi wenyewe, siku nne, kwa sababu mteja hakuwa na kosa lolote na Mzee si mtu wa kumsukumia mteja. Hasara hiyo huwa sijumlishi ninapotaja dola 289, lakini kwa kweli ndiyo iliyouma.

Aliyegundua ni kijana wetu wa nyaraka, yule anayezunguka bandarini na mafaili. Alikuwa amesimama nyuma yangu anakula chapati, akanyosha kidole chenye mafuta kwenye ile karatasi. "Dada, haya maandishi ya huku chini umeyasoma?"

Yalikuwepo. Rangi ya kijivu juu ya kijivu, udogo wa yale maneno ya kwenye pakiti ya dawa. Tulifungua faili kwenye simu yake na kulikuza kwa vidole viwili. Yalisema, nafupisha kwa Kiswahili: hii si ankara, hili ni pendekezo la huduma, hulazimiki kulipa chochote, huduma inayopendekezwa ni kuwasilisha tovuti yako kwenye injini za utafutaji kwa muda wa mwaka mmoja. Neno la kuhuisha domeini halikuwepo popote mle ndani. Lile "kuisha" lililoandikwa juu kwa herufi kubwa, ukilisoma vizuri, lilikuwa kuisha kwa ofa yao. Wameiweka tu siku ileile ambayo domeini yetu inaisha.

Kwa hiyo nililipa karibu laki saba ili tovuti yetu ipelekwe Google, wakati Google inazizungukia tovuti yenyewe na haimdai mtu senti. Nilikaa. Kijana akaniletea maji.

Sasa ikabidi tumtafute mwenye domeini, na hapo aibu ikahamia kwa Mzee, kidogo. Tovuti ilitengenezwa mwaka 2014 na fundi mmoja wa Kinondoni, kijana hodari, alilipwa, akakabidhi kazi, mambo yakaisha. Hakuna aliyeuliza jina limesajiliwa wapi wala kwa nani. Lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake yeye fundi, kwa barua pepe yake ya zamani, kwenye kampuni ya usajili ambayo sisi hatujawahi kuisikia. Miaka yote alikuwa anahuisha mwenyewe na kutuandikia bili ndogo pamoja na ya seva. Kisha akahamia Mwanza, akabadilisha kazi, barua pepe ile akaacha kuifungua.

Msajili wa kweli alikuwa ameandika. Kwa domeini za .com na wenzake kuna kanuni ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani: msajili lazima amkumbushe mwenye jina angalau mara mbili kabla ya muda kuisha, takriban mwezi mmoja kabla na wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya kuisha kama hajahuisha. Barua zote tatu zilikwenda. Wakweli waliandika kwenye sanduku lisilofunguliwa, waongo wakaandika kwenye sanduku linalofunguliwa kila asubuhi na mtu mwenye kadi ya benki.

Fundi tulimpata kupitia binamu yake. Akacheka kwanza, kisha akaona hatucheki. "Samahani sana dada, nipe nusu saa niitafute paswadi." Ilimchukua saa mbili na nusu, lakini aliipata. Akalipia mwaka mmoja, dola kumi na tano na senti zake, tukamrudishia kwa simu. Kufikia jioni barua zilianza kudondoka moja moja.

Tuliponea kwa sababu tulikuwa ndani ya wiki ya kwanza. Domeini ya .com ikiisha muda haitupwi sokoni siku hiyohiyo. Kuna kipindi cha neema, msajili anaweza kukupa hadi siku 45, ambacho unahuisha kwa bei ya kawaida au karibu na hapo. Kikipita na jina likafutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, na humo unatozwa faini inayozidi bei ya jina lenyewe mara kadhaa. Halafu siku tano za mwisho ambazo hakuna mtu anayeweza kuligusa, na baada ya hapo ni la yeyote atakayewahi. Nikiangalia kalenda, tungekuwa tumelala mpaka sikukuu, Februari tungekuta tovuti yetu inauza dawa za nguvu za kiume.

Mzee ndiye aliyenipa picha iliyonikaa. Yeye ana kesi ya kiwanja Mbezi ambayo ni ya zamani kuliko ajira yangu, kwa hiyo dunia nzima anaipima kwa viwanja. Alisikiliza maelezo ya fundi kwenye spika ya simu, akanyamaza, akasema: "Kumbe hati ilikuwa kwa fundi. Tumejenga kwenye kiwanja, hati iko kwa mtu. Halafu amekuja dalali wa barabarani anatudai kodi ya ardhi, tukampa." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Nilichotaka kujua mimi ni walijuaje tarehe. Ilinifanya nimshuku kila mtu, hata fundi wa watu. Jibu lilikuwa jepesi mno. Kuna daftari la wazi la domeini, kwa miaka mingi limejulikana kama WHOIS, ambalo yeyote anaweza kuuliza jina fulani limesajiliwa lini, na msajili gani, linaisha lini. Zamani lilikuwa linatoa mpaka jina la mwenye domeini, anwani na simu. Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, wasajili wengi walizifunika taarifa za watu. Lakini tarehe ya kuisha imebaki wazi mpaka leo, na anwani ya info ya kampuni mtu anaibuni tu. Hakukuwa na msaliti ofisini. Ilikuwa programu ya kompyuta inayosoma tarehe na kutuma barua kwa maelfu, ikingoja mmoja mwenye haraka kama mimi.

Wala mchezo huu si wa jana. Mwaka 2003 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilipambana mahakamani na kampuni ya Kanada iliyojiita Domain Registry of America kwa kutuma kwa posta barua zilizofanana na bili za kuhuisha. Za kwao zilikuwa na ubaya wa aina nyingine: ukilipa, unakuwa umekubali jina lako lihamishwe kutoka kwa msajili wako kwenda kwao, kwa bei ya juu. Nilipoisoma habari hiyo nilipata nafuu ya kijinga, kwamba kumbe hata wenye Kiingereza chao wanasoma haraka.

Maana hilo nalo lina sehemu yake. Hapa mjini, ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unacheka na kumsomea jirani kwenye daladala. Tapeli wa Kiswahili tunamjua mpaka mwandiko. Akija wa Kiingereza, na nembo, na namba ya kumbukumbu, tunamvulia viatu.

Hela niliifuata. Si kwa ujasiri, ilikuwa hasira, na pia sikutaka lile tundu kwenye jalada libaki pale likinitazama. Nilikwenda benki yetu na karatasi zote. Ofisa wa kadi, mama mmoja mtaratibu, aliniuliza, "Ulilipa mwenyewe, hukulazimishwa?" Nikasema ndiyo. "Basi usiandike kwamba kadi imeibwa, kwa sababu haikuibwa na fomu yako itakataliwa. Andika kilichotokea: tangazo limekupotosha, na huduma uliyodhani unalipia hukupewa. Lakini kwanza waandikie wao, dai hela yako, utuletee nakala. Na usikawie, kupinga muamala kuna muda wake." Akaongeza jambo ambalo nisingeliwaza: masharti yao, yale ya kijivu, yalisema huduma itajihuisha yenyewe kila mwaka. Namba za kadi wanazo. Kadi ile ikafungwa siku hiyohiyo na tukaomba nyingine.

Niliwaandikia Kiingereza kifupi, bila matusi, ingawa matusi nilikuwa nayo. Mmetuma karatasi inayofanana na ankara ya kuhuisha. Sikuomba huduma yenu. Rudisheni dola 289 ndani ya siku saba, la sivyo benki yangu inapinga muamala. Jibu lilikuja ndani ya muda wa saa sita, kutoka kwa watu wasio na hata namba ya simu. Walinisikitikia, wakasema huduma imeshatolewa, lakini kwa moyo mwema watarudisha nusu. Mama wa benki alikuwa amenionya: ukikubali nusu, umekubali kwamba nusu nyingine ni halali. Nikakataa kwa mstari mmoja. Siku kumi na tatu baadaye hela yote ilirudi, pungufu ya elfu ishirini na kitu zilizoliwa na kubadili fedha kwenda na kurudi. Nadhani walirudisha kwa sababu muamala unaopingwa benki unawachafulia zaidi kuliko dola 289. Mteja mpole ndiye faida yao.

Baada ya hapo tukaanza kuwaona wenzao. Ukishajua sura ya ndege, kila mti unamwona.

Wa kwanza alikuwa mwungwana kutoka China. Barua ilielekezwa kwa mkurugenzi: sisi ni wasajili wa majina, kuna kampuni hapa imeomba kusajili jina lenu kwa .cn na .asia, je, ni washirika wenu? Kama sivyo, tujibuni haraka tuwape ninyi kipaumbele. Mzee alishtuka kuliko siku ya vigae. Wateja wetu nusu wanaleta mzigo kutoka China, akaona biashara yake inafunguliwa tawi la bandia Guangzhou. Ilibidi nimkalishe. Hakuna mwombaji yeyote, Mzee. Ukijibu tu, watakuuzia hayo majina usiyoyahitaji kwa bei wanayotaka, na kwa miaka mingi. Msajili wa kweli hana kazi ya kumwuliza jirani ruhusa, anayewahi ndiye anapewa. Hatukujibu. Mpaka leo hakuna tawi Guangzhou.

Aliyenitisha kweli ni mwingine, kwa sababu alivaa nguo za msajili wetu wenyewe, baada ya sisi kumjua. Nembo yake, rangi zake, "malipo yako yameshindikana, ingia hapa". Kidole kilikuwa kimeshafika. Nikabonyeza kiungo na kushikilia, simu ikanionyesha kinakokwenda: jina refu, la msajili likiwa limepachikwa mwanzoni kama pambo, na mwisho wake jina la tovuti nyingine kabisa. Huwa nasoma anwani kutoka nyuma sasa. Jina linalogusana na mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://, ndilo lenye mamlaka, mengine ni mashada ya maua. Na hata ikionekana safi, sibonyezi: nafungua tovuti ya msajili kwa kuandika mwenyewe, naangalia akaunti inasemaje.

Wa tatu alikuwa wa hapahapa nyumbani, WhatsApp, picha ya mtu mwenye tai. "Habari za asubuhi mama, naongea kutoka mamlaka inayosimamia majina ya .tz. Jina lenu la .co.tz linafutwa leo saa kumi."

Tulikuwa nalo kweli, tulisajili mwaka uliofuata. Nikamwuliza, "Msajili wetu ni nani?" Maana majina ya .tz yana masjala yake, lakini mteja wa kawaida kama sisi unasajili na kuhuisha kupitia msajili aliyeidhinishwa, na bili inatoka kwa msajili huyo. Akazunguka. Nikamwambia, "Sawa baba, kama ni mamlaka nipe control number ya malipo ya serikali." Kimya kidogo. Kisha: "Mama, hii ni ya dharura, mfumo una shida, tuma tu kwenye namba hii nitakuwekea." Nikaiingiza namba kwenye simu bila kukamilisha, nione jina. Likatokea jina la mtu binafsi, jina zuri tu la Kitanzania, mtu ambaye huenda hata hajui laini yake inafanya nini. Nikafuta, nikaipeleka ile namba 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeitenga kupokea namba za matapeli. Kwa huyu ningeweza hata kwenda polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udanganyifu wa namna hii. Sikwenda, kulikuwa na meli inashusha. Sijivunii hilo.

Hati yetu sasa tunayo wenyewe. Fundi, Mungu ambariki, alitufungulia akaunti kwa jina la kampuni na kuisogeza domeini humo. Kosa tulilokaribia kulifanya tena lilikuwa la kuandika anwani yetu ya info kama anwani ya mawasiliano ya domeini. Yeye ndiye aliyetuzuia: "Domeini ikilala, hiyo barua pepe inalala nayo. Atakukumbusha wapi?" Tukaweka anwani mbili za nje, yangu na ya Mzee, ya kwake ikifunguliwa na mwanawe. Kufuli la kuzuia uhamisho limewashwa. Ile namba ya siri ambayo mtu anaihitaji ili kuhamisha jina kwenda kwa msajili mwingine, hatumtajii mtu. Tulilipia miaka mitano kwa mpigo, .com inaruhusu hadi kumi, lakini Mzee alisema miaka kumi ni ya Mungu.

Halafu kuna ile karatasi. Mzee aliiandika kwa mkono wake, kalamu nene nyekundu, akaibandika juu ya printa. Jina la domeini. Jina la msajili. Tarehe ya kuisha. Bei ya mwaka. Na chini, kwa herufi zilezile unazoziona kwenye kuta za Tabata na Sinza pale ndugu wanapogombania urithi, JINA HILI HALIUZWI. Wateja wanauliza maana yake, naye anasimulia, kila mara kontena la vigae likiongezeka.

Mwezi uliopita tulipata binti wa field kutoka chuoni. Siku yake ya tatu nilikuwa bandarini, niliporudi nikamkuta amesimama mbele ya printa na karatasi mkononi, anaangalia ukutani, anaangalia karatasi. Shikamoo yake ilikuja kwa kuchelewa. "Dada, hii ya NOTISI YA MWISHO imekuja asubuhi. Lakini msajili siye huyu. Na tarehe siyo hii."

Nikaichukua. Kisanduku cha kijivu, mchoro wa dunia, maandishi ya chini. Mzee akavaa miwani, akaisoma yote mpaka mwisho, kisha akarudi juu kwenye kiasi. Dola 325.

"Wamepandisha," akasema, akaigeuza na kuandikia nyuma yake namba za kontena.